Mti Huu Una Miaka Mingapi? Namna ya Kusoma Pete za Gogo

Gogo la kwanza nililohesabu lilinipa miaka 43 asubuhi na miaka 39 jioni. Lilikuwa la msonobari ulioangushwa na upepo, nami nikaomba nikatiwe kipande cha duara chenye unene wa kiganja. Asubuhi nilihesabu kutoka katikati kwenda upande mmoja. Jioni, kwa kutaka tu kujionyesha mbele ya kaka yangu, nikahesabu kwenda upande wa pili, na pete nne hazikuwepo. Nilirudia mara tatu kila upande na majibu yakabaki yaleyale. Mwongozo huu umetokana na kuzisaka zile pete nne, maana kuhesabu kila mtu anajua. Kazi ni kutambua ipi ni mwaka na ipi si mwaka.

Kwanza, pete inatoka wapi

Chini ya gome kuna tabaka jembamba la chembe hai linaloitwa kambiumu. Ndilo linaloutia mti unene: upande wa ndani linaongeza mti wenyewe, upande wa nje linaongeza gome. Msimu wa kukua ukianza, linatoa chembe kubwa zenye kuta nyembamba, na sehemu hiyo huonekana nyeupe. Msimu ukikaribia kwisha, chembe zinakuwa ndogo, zimebanana, kuta nene, na sehemu hiyo inakuwa nyeusi zaidi. Halafu mti unalala. Ukiamka, unaanza upya na chembe kubwa.

Kwa hiyo pete moja ni weupe na weusi wake pamoja. Mpaka wa mwaka ni pale weusi unapokatika ghafla na weupe kuanza. Nimeona watu wakihesabu weupe kuwa mmoja na weusi kuwa mwingine, wakamzeesha mti mara mbili ya umri wake.

Kinacholaza mti si lazima kiwe baridi. Ukame unaulaza, na katika misitu ya mabonde ya mto Amazon mafuriko ya kila mwaka yanailaza miti kwa kuinyima mizizi hewa. Kinachotakiwa ni kitu kimoja kinachousimamisha mti mara moja kwa mwaka, bila kukosa.

Hatua ya 1: Hakikisha mti wako una pete za mwaka

Usianze na msumeno. Anza na jina la mti.

Mnazi, mgomba na mwanzi havina pete kabisa. Ukikata mnazi utaona vidoti vya nyuzi vilivyotawanyika, basi. Misonobari na jamaa zake wa nchi za baridi ndiyo mwalimu mzuri wa anayeanza, kwa kuwa mpaka wa mwaka unaonekana hata bila lenzi. Mialoni na misaji pia ni myepesi, ila kwa namna nyingine: kila mwaka unaanza na safu ya vitundu vikubwa, kama mtu aliyetoboa duara kwa sindano. Pete za msaji zimesomwa siku nyingi. Mwaka 1931 Berlage, Mholanzi mtaalamu wa hali ya hewa, alichapisha mfululizo wa pete za misaji ya kisiwa cha Java unaorudi nyuma hadi mwaka 1514.

Miti ya nchi za joto ndiyo yenye mitihani. Mninga unahesabika: watafiti walioipima mininga ya Zimbabwe walithibitisha kwamba pete zake ni za mwaka mmoja mmoja, na unene wa pete hizo unakwenda na mvua. Lakini penye misimu miwili ya mvua mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka, na panaponyesha mwaka mzima unaweza usiweke ya maana hata moja. Mbuyu ni kesi ya peke yake. Pete zake ni hafifu, ndani mara nyingi una uwazi, na mbuyu mkubwa unaweza kuwa mashina kadhaa yaliyoungana. Hapo wataalamu hawahesabu pete. Wanapima kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana.

Kama huna hakika na aina ya mti wako, tafuta mti wa aina hiyohiyo, uliokua mazingira hayohayo, ambao mwaka wake wa kupandwa unajulikana. Hesabu pete zake. Zikilingana na miaka, endelea. Mwenye subira anaweza kutumia njia iliyoenezwa na Mfaransa Alain Mariaux katika miaka ya 1960: unakwangua kidirisha kidogo kwenye gome hadi ufike kambiumu, unaandika tarehe, na baada ya mwaka mmoja au zaidi unakata hapo. Lile kovu limebaki ndani ya mti kama alama ya kalenda, nawe unahesabu pete ngapi zimeongezeka tangu siku hiyo. Maabara nazo zina alama yao: majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliijaza hewa kaboni 14, ikafika kilele katikati ya miaka ya 1960, na kila mti uliokuwa hai wakati huo umeibeba ndani ya pete zake.

Hatua ya 2: Pata kipande cha kusoma

Kisiki au gogo lililokwisha kukatwa ndiyo njia bora. Unauona mzunguko mzima, na huumizi chochote. Omba kipande cha duara chenye unene wa sentimita 5 hadi 8, kilichokatwa chini kadiri inavyowezekana. Mara kinapokatwa, andika juu yake: aina ya mti, tarehe ya kukatwa, na kimo kutoka ardhini. Andika hapohapo. Ukisema utaandika nyumbani, utafika na vipande vitatu usivyojua kipi ni kipi.

Kikaushe polepole kivulini. Ukikianika juani kitapasuka kutoka nje hadi katikati, na ufa huo utapita palepale ulipotaka kusoma. Sijui kwa nini haupiti kwingine.

Kwa mti uliosimama ipo keekee maalumu, iliyobuniwa Ujerumani na Max Pressler katika karne ya 19. Ni mrija wa chuma wenye meno ya skrubu mdomoni. Unauzungusha kwa mkono hadi upite katikati ya shina, unapenyeza ulimi mwembamba wa chuma ndani yake, unarudisha mzunguko nyuma kidogo ili kijiti kikatike, kisha unavuta ulimi na kijiti kinatoka, chembamba kuliko penseli, kikiwa na historia ya mti kutoka gome hadi ndani. Lenga katikati ya shina, na kama shina limeinama, toboa kwa ubavuni. Upande wa chini na wa juu wa mti ulioinama pete zimevutwa au kubanwa.

Paka nta kwenye meno, na ukishatoa kijiti itoe keekee mara moja. Mimi niliiacha ndani ya shina nikaenda kunywa maji na kupiga soga. Niliporudi mti ulikuwa umeikumbatia. Tuliitoa kesho yake, watu wawili, viganja vimechubuka. Miti migumu sana huivunja kabisa, kwa hiyo usiijaribu huko.

Tundu hilo ni jeraha. Mti wenye afya hulifunga, msonobari kwa utomvu wake, lakini keekee chafu inaweza kuhamisha ugonjwa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Isafishe kwa spiriti kila mara. Usitoboe mti bila ruhusa ya mwenyewe, na mti unaoheshimiwa au kulindwa uache.

Hatua ya 3: Msasa, msasa, msasa

Hapa ndipo watu wanapofanya haraka, na ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Uso uliokatwa kwa msumeno una mikwaruzo ambayo jicho linaweza kuidhania pete. Pete nyembamba, zile za miaka migumu, zimejificha chini ya mikwaruzo hiyo.

Anza na msasa mkwaruzo, namba 80, hadi alama zote za msumeno ziishe. Kisha 120, 220, 320, 400, na ukiweza 600. Kanuni ni hii: usihamie namba inayofuata kabla mikwaruzo ya namba iliyopita haijaisha. Futa vumbi kila unapobadilisha, kwa kuwa chembe moja ya namba 80 ikibaki itachora mstari juu ya kazi yako yote. Ukimaliza, uso utang'aa kidogo, na ukiulowesha kwa maji kwa kidole utaona pete zikijitokeza kama picha inayosafishwa.

Huna haja ya kulainisha duara lote. Njia mbili au tatu zenye upana wa sentimita 4, kutoka katikati hadi gome, zinatosha.

Kijiti cha keekee kigundishe kwanza kwenye mfereji wa ubao mwembamba, nyuzi zake zikiwa zimesimama wima, yaani upande uliokuwa ukitazama juu ya mti uwe juu au chini ya ubao, usilale ubavuni. Ukikilaza vibaya utapiga msasa siku nzima na utaona michirizi tu.

Hatua ya 4: Hesabu

Chukua lenzi ya kukuzia mara 10, taa inayomulika kwa ubavu, na penseli iliyochongwa. Anzia katikati au anzia kwenye gome, lakini chagua moja. Weka kidoti kimoja kila pete ya 10, vidoti viwili pete ya 50, vitatu pete ya 100. Wasomaji wa pete duniani kote hutumia alama hizo, na faida yake utaijua pale mtu atakapokuita ukiwa pete ya 67.

Usidanganywe na rangi. Miti mingi ina kiini cheusi ndani na sehemu nyeupe nje, na mstari unaotenganisha hizo mbili si pete. Mara nyingi haufuati hata pete moja, unakatiza unavyotaka.

Hatua ya 5: Wasake waongo na watoro

Sasa turudi kwenye pete zangu nne. Niliweka lenzi kwenye pete moja niliyoitilia shaka upande wa 43, nikaifuata kwa penseli kuzunguka gogo. Ilipofika robo ya mzunguko ikaanza kufifia, na kabla ya nusu ikatoweka ndani ya weupe. Hiyo ilikuwa pete ya uongo. Katikati ya msimu ukame ulikuwa umeubana mti, ukaanza kutengeneza chembe ndogo nyeusi kana kwamba mwaka unaisha, mvua ikarudi, ukaendelea na weupe. Ukiitazama kwa karibu inajifichua: weusi wa kweli unapanda taratibu na kukatika ghafla upande wa nje, kama ukingo wa meza. Weusi wa uongo unapanda taratibu na kushuka taratibu, kama ukungu. Nilikuta za namna hiyo mbili.

Kisha nikageukia upande wa 39. Pete mbili zilizoonekana wazi kule zilikuwa zikikaribiana kadiri nilivyozifuata, hadi zikagusana na jirani zake na kuwa mstari mmoja. Hizo ni pete za kweli ambazo upande mmoja wa shina hazikujengwa. Mwaka ulikuwa mbaya kiasi kwamba mti haukuwa na cha kueneza mzunguko mzima. Kwa hiyo 43 ukiondoa 2 za uongo ni 41. 39 ukiongeza 2 zilizokosekana ni 41.

Ndiyo maana gogo zima ni bora kuliko kijiti, na vijiti viwili ni bora kuliko kimoja. Kijiti kimoja kikikudanganya huna wa kumuuliza.

Kama una miti kadhaa ya aina moja kutoka sehemu moja, unaweza kwenda mbali zaidi. Chukua kipande cha karatasi ya grafu kwa kila mti, kila mraba ni mwaka mmoja. Penye pete nyembamba kuliko jirani zake chora mstari. Inavyozidi kuwa nyembamba, ndivyo mstari uwe mrefu. Pete za kawaida ziache tupu. Ukimaliza, telezesha karatasi moja kando ya nyingine. Mwaka wa ukame uliibana miti yote, kwa hiyo mistari mirefu inapaswa kukutana. Ikikutana vizuri hadi mahali fulani kisha yote ikasogea kwa mraba mmoja, hapohapo kuna pete ya uongo au iliyokosekana, nawe unajua pa kurudisha lenzi.

Njia hii ilijengwa na Andrew Ellicott Douglass, mwanafalaki aliyekuwa Arizona, Marekani, akitafuta dalili za mizunguko ya jua ndani ya miti. Alikuwa na mfululizo wa miti hai, na mwingine wa boriti za magofu ya kale ambao haukuwa umeshikana na wa kwanza. Mwaka 1929, katika mji wa Show Low hukohuko Arizona, lilichimbuliwa boriti lililoungua, likapewa namba HH-39, na pete zake zikaunganisha mifululizo hiyo miwili. Ghafla magofu kama Pueblo Bonito yakawa na tarehe. Boriti lenyewe ukiliona ni kaa tu.

Hatua ya 6: Ongeza miaka isiyoonekana

Hesabu yako ni ya pete ulizoziona. Mti una miaka mingine iliyofichika, tena sehemu mbili.

Ya kwanza ni katikati. Keekee mara nyingi hukosa kitovu kwa milimita chache. Utaijua kwa kuwa pete za ndani kabisa za kijiti zimepinda kama matao. Chukua tao la ndani linaloonekana vizuri, pima upana wake kutoka ncha hadi ncha na kina cha mpindo wake. Upana uuzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara 8 ya kina, ongeza nusu ya kina. Tuseme upana ni mm 5 na kina mm 0.5: 25 gawanya kwa 4 ni 6.25, ongeza 0.25, unapata mm 6.5 hadi kitovuni. Kama pete za jirani zina wastani wa mm 1.3, umekosa pete 5 hivi. Asiyependa hesabu anaweza kuchora duara nyingi zenye kitovu kimoja kwenye plastiki angavu na kuitelezesha juu ya kijiti hadi duara zilingane na matao.

Ya pili ni kimo. Ukikata kwenye mita 1.3, kimo wanachopendelea wapima misitu, umeacha miaka yote ambayo mche ulitumia kufika hapo. Mche uliokua kwenye mwanga unaweza kufika kwa miaka michache. Uliokua kivulini mwa wakubwa wake huchukua muda mrefu zaidi. Njia ya uhakika ni kukata miche michache ya jirani yenye kimo hicho na kuhesabu pete zake chini kabisa.

Jambo hili lipo hata kwa miti maarufu. Mwaka 1964 mtafiti Donald Currey alihesabu pete 4,844 kwenye msonobari mkongwe uliokatwa Nevada, Marekani, unaojulikana kama Prometheus. Kipande alichosoma hakikutoka chini kabisa, kwani huko pete za ndani zilikuwa zimekwisha kulika, hivyo umri wa kweli ulizidi hesabu. Ndio mti wenyewe uliokatwa ili kupata jibu, na hadi leo watu wanalisimulia jambo hilo kwa uchungu.

Hatua ya 7: Pete ya mwisho ni ya mwaka gani?

Kama gome lipo na unajua siku ya kukatwa, ni rahisi: pete iliyo chini ya gome ni ya mwaka huo, au ya mwaka uliotangulia kama mti ulikatwa kabla msimu wa kukua haujaanza. Tahadhari ni kusini mwa Ikweta, ambako msimu wa kukua mara nyingi huanza mwisho wa mwaka mmoja na kuisha mwaka unaofuata. Kwa desturi pete kama hiyo huandikwa kwa mwaka ulioanza. Kama gome limebanduka na nje kumeliwa na wadudu, umebaki na idadi ya chini tu. Andika "si chini ya".

Na kama huruhusiwi kutoboa?

Pima mzingo wa shina kwa futi ya kamba. Tuseme ni sm 157. Gawanya kwa 3.14, kipenyo ni sm 50, nusu yake sm 25. Toa gome sm 2, unabaki na mm 230. Sasa unahitaji wastani wa unene wa pete, na huo uutoe kwenye kisiki cha aina hiyohiyo kilichokua mahali pa namna hiyohiyo. Ukiwa mm 2.5, mti una miaka 92 hivi. Lakini chukua wastani wa kisiki kizima. Miti mingi hunenepa upesi ujanani na polepole uzeeni, kwa hiyo ukipima pete 20 za nje peke yake utauongezea mti miaka ambayo haukuishi. Binafsi makadirio ya mzingo nayaamini kwa makumi tu: 80, 90, 100.

Jibu lolote liandike pamoja na njia yake. Nyuma ya kile kipande changu cha msonobari bado pameandikwa kwa penseli: "43", imekatwa, chini yake "39", imekatwa, na chini kabisa, "41, kimo sm 30, ongeza 2 hadi 4, gome lipo."